Kobe Hataki Mguu Chini

Kiatu cha kushoto cha binti yangu ndicho kilichokuwa kikiisha kwanza. Soli yake ililika upande wa nje mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na cha kulia bado kizima. Nilipovipeleka kwa fundi viatu, alivigeuza, akavitazama, akaniuliza, "Mama, huyu mwanao anaruka kwa mguu mmoja kama kunguru?" Nikamwambia hapana, anaendesha pikipiki. "Aa, basi," akasema, akachukua gundi. Hakuhitaji maelezo zaidi. Mtu wa pikipiki akisimama, akikata kona penye mchanga, akiona mbuzi anakatiza, mguu wa kushoto unashuka wenyewe kugusa ardhi. Haungoji kuambiwa. Ni kama kope linavyojifunga vumbi likija.

Dukani alikofanya kazi walimwita Siafu kwa ufupi wake na kwa kutotulia kwake, nami nitamwita hivyo hivyo. Duka lenyewe linauza vyombo vya moto vya kampuni moja tu. Kampuni hiyo siitaji, maana haikunituma kuisema wala kuisifu. Ni vyombo vya bei ya watu wa kima chetu, na ndiyo maana duka halikauki watu. Kazi ya Siafu ilikuwa kuwaeleza wateja kila chombo na tabia yake, kisha kuwaendeshea waone. Maneno yake alijifunzia nyumbani, mimi nikipiga pasi, yeye akitembea kati ya kitanda na meza ameshika mwiko kwa mikono miwili kama usukani.

"Karibu mteja. Mkono wako wa kushoto ni mdogo wao wote. Huyu mafuta hali, ananusa tu. Hana klachi, hana maneno mengi, hata bibi yako akimpanda atafika sokoni. Anayefuata ni punda wetu. Kiti kirefu, keria ya chuma, springi mbili nyuma zisizojua kunung'unika. Mpakie magunia, mpakie shemeji, mpakie na deni la shemeji, ataondoka."

"Na punda akikataa kuondoka?" Huyo ni mjomba wake, mdogo wangu wa kiume, tunayeishi naye tangu alipoacha kuendesha malori. Alikuwa anakaa kizingitini akijifanya mteja mkorofi.

"Unampiga teke, mjomba. Ana kiki pembeni."

"Endelea. Yule mrefu je?"

"Yule mrefu ni wa matope na mawe. Tairi zina meno, madigadi ya mbele imeinuka juu kama pua ya mwenye maringo. Barabara ikiisha, wenzake wanarudi nyumbani, yeye ndiyo kwanza anaanza kazi. Bei yake haifiki nusu ya wale wa majina makubwa, na spea zake zinapatikana hapa hapa, huagizi ukazeeka."

"Nimeshawishika. Nipe kwa mkopo."

"Mkopo muulize mama."

Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nacheka na pasi mkononi na moyo mahali pengine. Mimi ni dobi. Ovaroli za duka lile nilikuwa nazifua mimi, na dobi huona mengi. Suruali iliyochanika goti huwezi kuificha kwa mtu anayeifua. Jioni nilikuwa natambua mlio wake kati ya milio yote inayopita. Pikipiki za kampuni ile zinalia sawa kama watoto wa tumbo moja, ila ya mwanangu ilikuwa na kikohozi kidogo akipunguza mwendo. Mpaka nisikie kile kikohozi, chakula nilikuwa sipakui.

"Mwanangu," nilikuwa nikimwambia, "kitu ambacho ukikiacha kinaanguka, hicho si chombo. Ni mtego."

"Mama, hata mimi ulikuwa unanishika mkono nisianguke. Ulikuwa umeshika mtego?"

"Nilikuwa nimeshika mtoto."

"Basi na mimi nimeshika pikipiki."

"Dada, hapo umepigwa bao," mjomba wake akasema.

Nilikuwa nampigia magoti Mungu kwa ajili ya jambo moja tu, kwamba mwanangu arudi na viungo vyake vyote. Sikuomba nyumba, sikuomba mume mwingine. Aliyempoteza baba wa mtoto wake anajifunza kuomba kidogo ili asionekane mlafi.

Sasa ndipo akaja Kobe.

Alikuja ndani ya kreti la mbao kama wenzake, maana vyombo vile haviji vimekamilika. Vinakuja vimelazwa, usukani umefungwa pembeni, magurudumu yametolewa, na fundi wa duka ndiye anayeviunganisha. Fundi huyo wanamwita Spana. Ni mtu mpole, mrefu, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni yangu ya ovaroli. Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea mzigo wao wa nguo, nikamkuta amechuchumaa anakaza nati za mwisho, na Siafu anamzunguka kama mtoto anayesubiri kuonjeshwa.

Nilipokitazama kile kitu nilifurahi, sikatai. Kilikuwa na kiti cha pikipiki na usukani wa pikipiki, lakini chini kulikuwa na magurudumu manne, manene, mapana, laini mpaka ukibonyeza kwa kidole yanabonyea. Mbele keria, nyuma keria. Kilikaa pale sakafuni kimetanua miguu, hakina stendi, hakihitaji stendi. Spana ndiye aliyekiita Kobe, na jina likashika papo hapo.

"Mama, njoo umsukume," Meneja wa duka akaniita. Nikaweka mzigo, nikamsukuma kwa bega. Hakutikisika. "Umeona? Huyu hata ukilala usingizi juu yake haanguki."

"Huyu ndiye wa mtu mzima," nikamwambia Siafu. "Kwa nini hawakumtengeneza huyu tangu mwanzo?"

"Leo mama kapenda chombo," Siafu akasema. "Spana, andika tarehe."

Spana alikuwa anabandua stika. Hapo lazima nieleze, maana wasiolijua duka lile hawataelewa. Chombo kinapotoka kiwandani kinakuwa na stika kila mahali, kwenye tangi, kwenye madigadi, zenye picha na maandishi ya watu wa mbali. Pale dukani desturi yao ni kuzibandua zote kabla ya kukitoa mbele. Wanasema mteja hapendi chombo kilichobandikwabandikwa, anaona kama kimetumika, tena rangi haionekani inavyong'aa. Kwa hiyo Spana alikuwa anainua ncha kwa ukucha, anavuta polepole isichanike, kisha anafuta gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Na kwa kuwa si mtu wa kutupa kitu kizuri, stika zake anazibandika kwenye mlango wa kabati lake la vifaa. Kabati lilikuwa limejaa rangi nyekundu na njano, linapendeza kama nguo ya sherehe. Nililiona kila nilipokwenda pale. Sikusogea kusoma, na kusoma kwenyewe ni kwa lugha gani?

"Nani atamwonyesha Siafu namna ya kumwendesha?" Spana akauliza.

"Aonyeshwe nini?" Meneja akasema. "Aliyeweza magurudumu mawili, manne yatamshinda? Huko ni kushuka daraja, siyo kupanda."

Hata mimi maneno hayo niliyaona yana akili. Mtu aliyezoea kubeba ndoo kichwani bila kushika, ukimpa toroli utamfundisha?

Jioni ile Siafu alirudi ana maneno mengi. Alikuwa amemzungusha Kobe nyuma ya duka. Akasema Kobe anapanda mawe kama anakanyaga mito ya kulalia. "Ila ana ukaidi," akasema. "Nikikata kona anataka kwenda mbele tu. Nakunja usukani, yeye anasukuma pua kule kule alikokuwa anakwenda, kisha ghafla anageuka na upande mmoja unataka kunyanyuka."

Mjomba wake akaacha kutafuna. "Magurudumu ya nyuma yamefungwa pamoja kwenye ekseli moja?"

"Spana anasema yamefungwa pamoja."

"Basi huo ni mkokoteni. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lori lina difu ya kuyaachanisha, kila moja liende mwendo wake. Hilo lenu yanaburuzana. Punguza kabisa kabla ya kona, na uinamie ndani kwa mwili mzima."

"Nitamzoea, mjomba."

"Mazoea yana taabu," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Mteja wa kwanza wa Kobe alikuwa mzee mmoja mfugaji. Siku aliyokuja nilikuwa pale tena na ovaroli zilizonyooshwa, nimezikumbatia mkononi, maana Meneja alikuwa hajatoka ofisini kuzipokea. Mzee alifika na pikipiki yake, ile ndefu ya matope ya kampuni hiyo hiyo, imechakaa, madigadi imefungwa kwa waya. Alisimama kwa kushusha mguu wa kushoto, kama wote wanavyosimama.

"Ndiye huyu Kobe anayesemwa?"

"Ndiye, mzee. Karibu," Siafu akasema.

"Mbona hajaingiza kichwa?"

"Anaingiza akisikia mteja anataka apunguziwe bei."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe binti una mdomo. Sikiliza, kwangu ni mlimani. Mawe matupu. Madebe ya maziwa nyuma, waya wa uzio mbele. Atapanda?"

"Atapanda, na akifika juu atakuuliza mlima uko wapi."

"Na kona?"

"Kona nitakuonyesha kwa macho yako."

Walikwenda nyuma ya duka, nami nikafuata na nguo zangu. Ni uwanja mdogo wa changarawe, una ukuta upande mmoja na mteremko kidogo kuelekea geti. Siafu alivaa kofia ngumu, akafunga kamba kidevuni. Hilo alikuwa halisahau, nimpe haki yake. Alimzungusha Kobe mara ya kwanza taratibu, mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akampandisha juu ya rundo la mawe, akamshusha. Mzee akapiga makofi. Meneja akatoka ofisini kutazama, maana biashara ilikuwa inanukia.

Mara ya mwisho alikuja kwa mwendo kidogo, akitaka mzee aione kona ya kwenye mteremko. Akakunja. Kobe akasukuma pua mbele, kule kwenye ukuta. Siafu akakunja zaidi. Kobe akageuka ghafla, na upande mmoja ukanyanyuka, si sana, kiasi cha kiganja cha mkono.

Mguu wa kushoto ukashuka.

Niliuona unashuka. Ulishuka kama nilivyouona ukishuka miaka yote, nyumbani, barabarani, kwenye madimbwi, mguu uliomwokoa mwanangu kuanguka mara ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Lakini kwenye pikipiki gurudumu la nyuma liko katikati, limefuata njia yake, mguu uko pembeni. Kwenye Kobe gurudumu la nyuma liko pembeni, pana, liko nyuma ya kisigino chako tu, linakuja. Likamkanyaga kisigino. Likakishika. Likapanda juu ya mguu na kuuvuta chini ya madigadi kama mtu anavyovuta shuka.

Tena pikipiki ukitaka iende unasokota mshikio. Kobe hana hivyo, ana kidude kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Mtu akivutwa nyuma anakaza mikono asianguke, na akikaza mikono kidole gumba kinasukuma. Kwa hiyo mwanangu alivyozidi kushikilia ndivyo Kobe alivyozidi kwenda. Spana alikimbia akachomoa ufunguo. Injini iliponyamaza ndipo niliposikia sauti niliyoisikia mara ya mwisho siku niliyomzaa, ila safari hii haikuwa yangu.

Wakamnyanyua Kobe wanaume wanne. Ovaroli zilikuwa chini kwenye changarawe, sikumbuki kuziangusha.

Hospitalini walimpokea vizuri, na hilo siwezi kulificha. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, akanionyesha eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa chini ulikuwa umevunjika, huo akasema utaunga. Kisha akaweka kidole gotini.

"Hapa je, daktari?"

"Mguu tutauokoa, mama. Goti siwezi kukuahidi."

"Atatembea?"

"Atatembea. Kukunja ndiyo sijui."

Mjomba wake alikaa upande wa pili wa kitanda siku zote hizo. Yeye ni mtu wa mizaha. Siku moja akajaribu. "Siafu, wauguzi wanasema wewe ni mgonjwa wa kwanza kukanyagwa na kobe." Siafu akatabasamu kwa kumwonea huruma tu. Kisha akanigeukia.

"Mama, nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu."

"Nilishusha mguu."

"Kila mtu anashusha mguu."

"Ndiyo," akasema. "Kila mtu."

Akageuza uso ukutani. Mguu ulikuwa umening'inizwa, umefungwa plasta, vyuma vimetokeza kama misumari iliyosahauliwa kwenye ubao. Nilikuwa nimeshika kitambaa kumfuta jasho, nikawa najifuta mimi.

Alipokuwa bado amelazwa nilikwenda dukani kuchukua mkoba wake. Spana alikuwa peke yake nyuma, ameketi juu ya tairi, hafanyi kazi yoyote. Aliponiona akasimama. Hakusema pole, maana pole alishasema mpaka ikachakaa. Akanishika kiwiko kama mtu anavyomwongoza kipofu, akanipeleka kwenye kabati lake.

"Mama, tazama hapa."

Nikatazama. Katikati ya stika zile nyekundu na njano palikuwa na moja ndogo, imebandikwa sawasawa, haina hata mkunjo. Ilikuwa na picha ya gurudumu nene. Mbele ya gurudumu, mguu wa mtu unagusa ardhi. Juu ya mguu, msalaba mwekundu wa kukataza.

Maandishi sikuyajua. Picha hata mtoto wa chekechea angeijua.

"Ilikuwa wapi hii?"

"Kwenye madigadi ya kushoto. Pale pale macho yanapoangukia ukiwa unapanda." Sauti yake ilikuwa chini. "Niliibandua siku ile ulipokuja. Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Uliiona picha?"

"Niliona rangi, mama. Nabandua nyingi. Mtu akiwa anabandua anaangalia gundi."

Meneja akatokea mlangoni, akasikia tunazungumza nini, akaanza kueleza. Kwamba ndani ya kreti kunakuwa na kitabu pia, kimeandikwa kwa lugha za mataifa kibao ila yetu haimo, kwamba yeye alipokea desturi ya stika kwa aliyemtangulia, kwamba wateja wenyewe ndio wanaotaka. Sikugombana naye. Ningegombana na nini? Pale hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Kungekuwa na mtu mbaya ningerudi nyumbani na kitu cha kushika.

Nikamuuliza tu, "Kobe yuko wapi?"

Akaangalia chini. "Yule mzee kamchukua."

"Huyo huyo?"

"Aliona mwenyewe mawe yanavyopandwa, mama. Tulimwosha kwanza."

Siafu alirudi nyumbani na magongo. Mfupa uliunga kama daktari alivyosema. Goti likakataa. Alifanya mazoezi mpaka midomo ikawa myeupe, mjomba wake akimshikia kisigino na kuhimiza kama anayesaidia lori kutoka kwenye matope, "Haya, haya, kidogo tena." Kidogo tena haikuja. Mguu ulibaki umenyooka, na chumba chetu ni kidogo. Akikaa kitandani mguu unaziba njia kama mti ulioangukia barabara, na kila anayepita anauruka au anauzunguka. Tumezoea. Mimi nauruka na ndoo ya maji mkononi.

Daktari alisema pikipiki asahau. Kwa kubadili gia mguu wa kushoto lazima ukunjike. Siafu alipoisikia habari hiyo akaniomba nimsogezee redio.

Meneja alituma ujumbe kwamba anamtaka arudi, akae mezani, awaeleze wateja kwa mdomo, mwingine ataendesha. Kwa kweli ilikuwa nafasi nzuri. Siafu hakujibu ndiyo wala hapana. Alikuwa anasema, "Nitawaambia nini, mama? Kwamba Kobe haanguki?"

"Waambie wasishushe mguu."

"Nikiwaambia, wataacha?"

Sikulielewa swali lake mpaka siku aliyokuja yule mzee.

Alikuja mchana, na Kobe mwenyewe, na dumu la maziwa nyuma. Nilipousikia mlio kwenye njia yetu nilitoka nje na mikono ina povu. Kobe alikuwa amepata kazi ya huko mlimani. Keria imekwaruzwa na waya, tope limekauka mpaka kwenye kiti. Mzee akashuka, akavua kofia ya jua, maana kofia ngumu hakuwa nayo.

"Mama, nimekuja kumwona binti. Tangu siku ile roho yangu haijatulia."

Ni mtu mwema yule. Sikutaka kumwona, lakini ni mtu mwema. Siafu alitoka mwenyewe kwa magongo, akasimama mlangoni, akamsalimia kwa adabu. Hakumtazama mzee. Alikuwa anatazama gurudumu la nyuma la kushoto.

"Mzee, unakaaje ukiendesha?" akamuuliza.

"Nakaa kama ninavyokaa."

"Miguu?"

"Miguu iko kwangu, binti. Ikienda mahali nitakuarifu." Akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka, akaacha.

"Naomba umzungushe nikuone."

Mzee akapanda. Siafu akamsogelea karibu kabisa, akaweka gongo lake juu ya mguu wa mzee kama mwalimu anavyoweka rula. "Hapa. Juu ya kikanyagio. Hautoki hapo hata mbingu ikianguka. Ukiona anataka kulala, achia kidole gumba, inamia upande wa juu. Akikushinda, ruka umwache. Usimsaidie. Hataki msaada wako. Mguu usiguse chini mpaka asimame kabisa. Nirudishie, nimesemaje?"

"Mguu usiguse chini."

"Mpaka?"

"Mpaka asimame kabisa. Binti, mimi nimeendesha pikipiki tangu kabla mama yako hajavunja ungo."

"Ndicho ninachokiogopa, mzee."

Akazunguka uwanja wetu mara ya kwanza, miguu juu. Mara ya pili, miguu juu. Mjomba akapiga makofi, majirani wakachungulia, na mzee akawa anatutazama kwa fahari kama mtoto anayesoma bila kukosea. Nami nikapumua. Niliona usoni mwa Siafu kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ile, kama vile alikuwa ameshika kamba na upande wa pili kuna mtu.

Kisha kuku wa jirani akakatiza.

Ni kuku tu. Mzee akakunja usukani, na mguu wa kushoto ukashuka. Ulitoka kwenye kikanyagio ukagusa vumbi, ukaburuzika kidogo, tairi likapita karibu yake mpaka likachana ukanda wa ndala. Lilikuwa limebaki pengo la kupitisha kadi ya simu. Alisimama, akatazama ndala yake, akacheka kwa aibu.

"Aa! Umejiendea wenyewe."

"Najua," Siafu akasema.

Hakumgombeza. Akamshukuru kwa maziwa, akamtakia safari njema, akageuka na magongo yake akaingia ndani. Mimi ndiye niliyebaki pale kumwambia mzee tena na tena, mpaka ikawa ninamkera, naye akawa anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku anaifunga ndala kwa kamba.

Nilipoingia nilimkuta Siafu amekaa kitandani, mguu umeziba njia.

"Umeona?" akaniuliza. "Nimemwambia, akanirudishia neno kwa neno. Na mimi mama, nikipanda leo, na goti hili, na yote ninayoyajua, nitashusha. Mwili haujui kusoma."

"Basi hurudi dukani?"

"Nirudi nikawadanganye kwamba kuambiwa kunatosha?"

Mama mwenzangu, kama mwanao anaendesha pikipiki na siku moja akakwambia amepata kitu cha magurudumu manne, cha bei nafuu, kinachosimama chenyewe, usifanye sherehe. Mwambie aanze upya kama asiyejua kitu, miguu ifungwe kwa kamba kwenye vikanyagio akiwa uwanjani, siku nyingi, mpaka mwili usahau ulichokijua. Akikwambia anajua tayari, hapo ndipo uogope. Mgeni wa chombo ana woga wa kumlinda. Mwanangu hakuponzwa na ujinga, aliponzwa na ujuzi.

Nje mlio wa Kobe ulikuwa unaondoka. Siafu aliusikia, mimi nikausikia. Njia yetu ina kona moja kali kule mbele kwenye mteremko wa kisima, na kila chombo kikifika pale mlio hupungua kabla ya kupanda tena.

"Funga dirisha, mama," akasema.

Nikaruka mguu wake, nikashika komeo. Mlio ukapungua. Nikasimama pale na komeo mkononi, yeye akiwa amefumba macho, wote tukisubiri mlio upande tena.